Kijana wa Isiolo, jua jiwe linapasukia wapi kabla ya kuliuza

Chukua kipande cha ulanga, yale mawe yanayometameta juani kwenye makorongo ya huku kwetu. Huhitaji nyundo. Ingiza ukucha pembeni na kitaachana tabaka kwa tabaka, kama kurasa za daftari. Sasa jaribu hivyo kwa kwatzi. Utavunja ukucha na jiwe halitakuwa na habari.

Siri iko ndani. Madini mengi ni fuwele, yaani atomi zake zimejipanga kwa safu, na safu hizo hazikushikana kwa nguvu sawa kila upande. Pale zilipolegea ndipo jiwe linapopasukia. Ulanga una upande mmoja tu wa kuachana. Feldispa ina pande mbili, karibu pembe mraba. Kalsaiti ina tatu, ndiyo maana hata ukiiponda inatoa viboksi vilivyoinama. Almasi ina nne. Kwatzi haina hata moja, kwa hivyo inavunjika kwa mkunjo kama chupa ya soda. Ukiwa machimboni na hujui umeshika feldispa au kwatzi, angalia pale palipovunjika. Jiwe lenyewe litakuambia.

Unauliza, “Hii sayansi ya darasani inanihusu nini?” Msee, inahusu mfuko wako.

Kule Duse, Garbatulla, kuna watu wetu wanaochimba vito kwa sururu na nyundo. Miamba ya chini ya upande huu ni ya ule Ukanda wa Msumbiji, ukanda uleule uliobeba tsavoriti ya Taita Taveta na tanzanaiti ya Merelani, Tanzania. Lakini kito kinachotolewa kwa kugongagonga ovyo kinaweza kupata ufa ambao hata hauuoni. Broka atauona, na atakupunguzia bei. Halafu hicho kizima atakinunua kikiwa ghafi, akakatiwe kwingine. Jiwe likikatwa, mara nyingi linapoteza zaidi ya nusu ya uzito, ila kilichobaki ndicho chenye bei. Sisi tunabaki na shimo na vumbi.

Wanaoijua kazi hii hawakimbilii nyundo. Almasi ya Cullinan, iliyopatikana Afrika Kusini mwaka 1905, ilikuwa na karati 3,106. Mwaka 1908, kule Amsterdam, Joseph Asscher aliisoma kwanza, akaichonga mfereji mdogo kwenye mstari wake, ndipo akaipiga. Kwenye jiwe hilo vilipatikana vito vikubwa tisa. Angebahatisha, angebaki na changarawe ghali.

Na usidhani ni mawe tu. Hata DNA, ule uzi wa maelezo ulio ndani ya seli zako, ukitaka kuukata lazima ujue pa kukata. Bakteria walikuwa na mikasi yao zamani sana, vimeng'enya vya kukatakata virusi vinavyowavamia. Kimoja kinaitwa EcoRI. Hiki kinapita kwenye uzi kikitafuta herufi GAATTC, kikizipata kinakata kati ya G na A. Zikikosekana, hakikati. Waliofungua njia ya vimeng'enya hivi, Werner Arber, Daniel Nathans na Hamilton Smith, walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1978. Baadaye wakaja Emmanuelle Charpentier na Jennifer Doudna na mbinu ya CRISPR, mkasi unaouelekeza wewe mwenyewe mahali pa kukata. Nao wakapata Nobel mwaka 2020.

Hayo si mambo ya Ulaya na Marekani peke yao. Profesa Steven Runo wa Chuo Kikuu cha Kenyatta na wenzake wameitumia CRISPR kwenye mtama ili kupambana na kiduha, lile gugu linalonyonya mizizi ya nafaka. Wanalenga jeni moja tu, ili mzizi usitoe ile kemikali inayoamsha mbegu za kiduha. Shamba zima linaweza kuokolewa na mkato mmoja uliopigwa mahali pake.

Basi mbona sisi tuendelee kupiga ovyo? Mimi niliacha chuo kabla ya kumaliza, kwa hivyo sikuambii ukatafute digrii. Kukata vito ni ufundi, kama kuchomelea vyuma au kushona nguo. Unahitaji mashine, mwalimu na mazoezi. Kule Voi kuna kituo cha kuongezea vito thamani. Hapa kwetu, vyuo vya ufundi vya vijijini viko chini ya kaunti, Katiba ndiyo inasema. Hivyo hakuna sababu ya kungoja Nairobi.

Pesa je? Sheria ya Madini ya 2016 inagawa mrabaha hivi: asilimia 70 kwa serikali ya kitaifa, 20 kwa kaunti na 10 kwa jamii ya pale madini yanapochimbwa. Lakini kito kinachouzwa gizani kwa broka hakilipiwi mrabaha wowote, kwa hivyo hata ile 10 yetu ni hewa. Sheria hiyohiyo inamruhusu Mkenya mtu mzima kuomba kibali cha uchimbaji mdogo. Jiungeni kikundi, ombeni kibali, muuze mchana.

Najua wapo watakaosema vito vyetu ni vichache, mashine ni ghali. Sawa. Lakini fundi wa vito hafungwi na shimo moja. Akishajua kazi, atakata ganeti ya Taita au akwamarini ya kwingine, na malipo yatalala Isiolo.

Uchaguzi wa 2027 unakaribia na wageni wa leso na fulana wataanza kufika. Ukipewa maikrofoni, usiombe fulana. Uliza: mashine ya kukata vito itawekwa chuo gani, na lini? Wakikuambia watalishughulikia, uliza tena.