Mkaguzi wa Nyambizi Asiwe Mwenye Nyambizi

Huko Scotland, mwendo usiofika kilometa 50 kutoka mji wa Glasgow, ndipo palipo kituo cha Faslane, maskani ya nyambizi za Uingereza ziendeshwazo kwa nguvu za nyuklia. Wakazi wa mwambao huo huhakikishiwa kila mara kwamba mitambo imekaguliwa na imeonekana kuwa salama. Imekaguliwa na nani?

Mkaguzi wa vinu vya nyuklia vya nyambizi hizo ni idara iliyomo ndani ya Wizara ya Ulinzi, yaani wizara ile ile yenye nyambizi. Wahenga waliiita hiyo kesi ya ngedere kumpelekea nyani. Idara hiyo iliwahi kuchapisha taarifa zake za kila mwaka, nazo zilikiri wazi upungufu wa wahandisi wenye ujuzi. Uchapishaji huo ukaja kukomeshwa, eti kwa ajili ya usalama wa taifa!

Matunda ya usiri huo yanajulikana.  Januari 2012, katika kinu cha majaribio cha nyambizi huko Dounreay, mionzi ilionekana ndani ya maji ya kupoozea. Bunge likaelezwa Machi 2014, yaani baada ya miaka miwili. Idara ya hifadhi ya mazingira ya Scotland ilikuwa imekwisha kuarifiwa, ila iliombwa inyamaze.

Mwaka 2019, huko Coulport, jirani ya Faslane, ambako silaha za nyambizi hizo huhifadhiwa, bomba lilipasuka na maji yenye mionzi yakaingia katika ghuba ya Loch Long. Nyaraka zilizopatikana mwaka 2025, baada ya waandishi wa habari kuzipigania kwa miaka sita, zilionyesha kwamba matengenezo yalizembewa, na kwamba hata nusu ya vifaa huenda vilikuwa vimepita umri wake.

Ni kweli kwamba kiasi cha mionzi kilikuwa kidogo sana, na wataalamu walisema hakikudhuru watu. Basi kwa nini kifichwe? Ni adui gani atakayeishinda Uingereza vitani kwa kujua kwamba mabomba ya Coulport yamechakaa? Mwenye haja ya habari hiyo ni mvuvi wa Loch Long na mzazi wa Helensburgh. Hao ndio wanaostahili kurudishiwa taarifa za kila mwaka, na mkaguzi asiyelipwa mshahara na anayemkagua.