Ziara ya Nyumba Kali Inaanzia Steji ya 58

Kuna zile video za watalii wanaolipa pesa nzuri kuzungushwa Los Angeles siku nzima wakionyeshwa nyumba za watu. Si kasri, si makanisa. Nyumba tu. Wanasimama nje, wanaelezwa nani alichora, mwaka gani, na kwa nini dirisha liko upande huu. Nilimwonyesha beshte yangu moja, akacheka: "Sisi tungeonyesha nini, bana? Ploti?"

Iliniuma, kwa sababu sikuwa na jibu. Jumamosi nikamwambia abebe maji na viatu vya kutembea. Tunajitengenezea tour yetu, Jogoo Road, kwa nauli ya matatu.

Maelezo kidogo kabla tutoke tao. Miaka ya 1920 kulikuwa na wasanifu majengo Ulaya waliouliza swali moja rahisi: mfanyakazi wa kawaida anahitaji nini nyumbani? Wakajibu: jua, hewa, choo chake, jikoni linalofanya kazi, na mahali watoto watachezea. Mapambo wakatupa. Mtindo huo ndio unaitwa usasa. Mmoja wao, Ernst May, alisimamia ujenzi wa maelfu ya nyumba kule Frankfurt, Ujerumani, kati ya 1925 na 1930. Leo moja ya hizo nyumba imerudishwa ilivyokuwa, na watu huenda kuitembelea hadi jikoni. Sasa sikia hii: huyo May alikaa Afrika Mashariki karibu miaka 20, mingi yake hapa Nairobi. Ni nani alitufundisha hilo shuleni?

Tulishukia Kaloleni kwanza. Ilijengwa miaka ya 1940 na serikali ya kikoloni kwa wafanyakazi Waafrika, wakati serikali hiyo hiyo ilikuwa ikiamua Mwafrika alale wapi. Kwa hivyo sitaipamba. Lakini simama katikati uangalie: nyumba fupi zimezunguka uwanja wa nyasi, mlango wa jirani unauona. Ukumbi wa mtaa ulibandikwa jina la Bunge la Uingereza, House of Commons, kwa vile wanasiasa walivyokuwa wakikutana na kubishana humo. Bado si usasa wenyewe, lakini ni kama babu yake.

Tukatembea hadi Jericho. Jina kamili ni Ofafa Jericho, kwa kumbukumbu ya diwani Ambrose Ofafa aliyeuawa 1953. Hapa ni mistari, kuta tupu, hakuna urembo. Beshte yangu akasema zinafanana sana. Ndiyo, hiyo ndiyo maana yake: hakuna aliyepewa jua zaidi ya mwenzake.

Halafu Buru. Hapa ndipo nilitaka tufike. Buruburu ilianza kujengwa 1973, awamu tano, karibu nyumba elfu tano kwa jumla, na walioichora ni Mutiso Menezes International, kampuni ya hapa hapa Nairobi. Mutiso ni David Mutiso, yule yule aliyefanya kazi na Karl Henrik Nøstvik kwenye KICC. Kila mtu ana picha ya KICC. Lakini kazi ambayo watu wamelala ndani yake miaka hamsini, hakuna anayeipiga picha.

Angalia walivyofikiria. Nyumba zimepangwa kwa vikundi, kile watu wa Buru huita "court". Gari linaingia polepole na haliwezi kupita kwenda mbele, kwa hivyo mtoto anacheza nje. Mama akiwa ndani anamsikia. Hakuna geti la umeme lililofanya hiyo kazi. Ni mchoro tu.

Shosho wangu anaishi huko, alinunua kwa mkopo akiwa mwalimu. Tulipofika akauliza kwanza kama tumekula. Halafu nikamuuliza mbele ya nyumba palikuwa na nini. Akanyoosha kidole: mti wa mapera hapa, maua pale, kamba ya nguo kule. Leo pana bedsita tatu na kioski. Sebule inawashwa taa saa sita mchana.

Nikaanza kulalamika, eti tumeharibu kazi ya wasanifu. Anti yangu, ndiye aliyezijenga hizo bedsita, akaniangalia tu. "Na hayo maua yangekulipia karo?"

Nikanyamaza. Kwa sababu ni kweli. Kodi ya hizo bedsita ndiyo ilinipeleka chuo. Mimi ninayewaandikia kuhusu mwanga nimesomeshwa na ukuta uliouzuia.

Kwa hivyo msiniweke kwenye kundi la wale wanaowalaumu wenye nyumba. Watu walijenga walivyojenga kwa sababu mji uliongezeka na nyumba mpya za bei yao hazikuja. Tulimalizia Umoja, na ni hadithi hiyo hiyo. Ilianza miaka ya 1970 kwa pesa za msaada wa Marekani, nyumba ndogo za chini ambazo mwenyewe angeziongezea vyumba polepole. Leo kuna mahali ghorofa zimebanana hadi unaweza kumpa jirani chumvi kupitia dirishani, na ukiwa chini hujui kama ni asubuhi au jioni.

Ninachosema ni hiki. Nyumba za Eastlands zinabomolewa ili zijengwe za bei nafuu, na tunahitaji nyumba, sitabisha. Lakini kila tunapoonyeshwa mchoro mpya, tunauliza vyumba vingapi na bei gani, basi. Tuulize pia maswali ambayo Buru ilishayajibu: Mtoto atachezea wapi? Upepo utapitia wapi? Jirani nitamwona lini? Kama 1973 ilijibu, mbona leo tuambiwe haiwezekani?

Pili, tuhifadhi angalau court moja ilivyochorwa. Sheria ya makavazi na turathi ya 2006 inaruhusu jengo kutangazwa turathi. Lakini si kwa kumkazia mwenye nyumba. Kaunti imsamehe ada za ardhi, imlipe kwa kile anachokosa. Anti yangu hawezi kula mwanga.

Beshte yangu hakucheka tukirudi. Alikuwa anaangalia nje, akaniuliza: "Kwetu Donholm nani alichora?" Sikujua. Tunaenda Jumamosi ijayo.

Wewe pia uliza kwenu. Kama una shosho Buru, mwambie akuonyeshe mti ulikuwa wapi. Rekodi.