TAHARIRI: Kalamu Ilipogeuzwa Kuwa Hatia

Katika mitaa ya Ujiji wapo wazee ambao wakiulizwa walikotoka huelekeza mkono kaskazini, upande wa Nyanza-Lac na Rumonge. Baadhi ya vijana wetu huwaita "wakimbizi", na neno hilo hulitamka kama tusi. Tumeona ni wajibu wetu kuwakumbusha Waislamu historia iliyowaleta wazee hao kwetu.

Mwaka 1966 Michel Micombero aliuangusha ufalme wa Burundi na kusimamisha utawala wa kijeshi, ulioshikwa na kundi dogo la Watutsi wa Bururi. Tarehe 29 Aprili, 1972 waasi wa Kihutu walishambulia miji ya ufukweni na kuua Watutsi wasio na hatia. Hiyo ilikuwa dhulma. Lakini serikali haikuishia kuwasaka waliotenda, bali iliwageukia Wahutu kwa jumla, hasa waliosoma. Walimu, wanafunzi, makarani, askari na viongozi wa dini walichukuliwa, wasirudi. Makisio ya waliouawa ni kati ya 100,000 na 300,000. Warundi huliita tukio hilo Ikiza, yaani balaa. Kwa miaka mingi baadaye wazazi wengi wa Kihutu waliogopa kuwasomesha watoto wao, kwani kalamu ilikwisha geuzwa kuwa hatia.

Maelfu kwa maelfu walikimbilia kwetu. Mwaka 1973 jeshi la Burundi lilishambulia hata vijiji vyetu vya mpakani, Watanzania wakauawa, na wafanyakazi wa bandari nchini wakasusia mizigo ya Burundi. Ndivyo wazee wetu walivyosimama na waliodhulumiwa. Wageni wengi walipelekwa Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Huko walifyeka pori na kulima, na baadaye zaidi ya 160,000 wakakubaliwa uraia wa Tanzania.

Sisi tunaofundisha tunalisema hili kwa uchungu. Mtoto anayeitwa "mkimbizi" darasani huinamisha kichwa, kisha huacha kuja. Jeshi liliwatenga babu zake na elimu kwa bunduki; tusimtenge mjukuu kwa ulimi. Mtume (s.a.w.) mwenyewe alihama Makka, na watu wa Madina wakampokea.

Basi walimu waisimulie historia hii, na wazazi wakemee tusi hilo majumbani. Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa miongoni mwa wanaopokea, wala si wanaofukuza. Amin.