Aliyetapeliwa Hachekwi

Ndugu msomaji, leo naomba nianze kwa kuungama kosa langu mwenyewe, ndipo nipate haki ya kukushauri wewe na jamaa zako.

Jumapili moja mwaka jana tulikuwa tumekaa ukumbini kwangu, jamaa kama wanane, tukinywa chai. Mazungumzo yakamfikia jirani yetu mmoja, baba mtu mzima, aliyekuwa ameletewa ujumbe katika simu yake usemao: “Ile hela itume kwenye namba hii, ile nyingine ina matatizo.” Kwa bahati mbaya siku hiyo ndiyo aliyopaswa kulipa kodi ya nyumba. Akadhani anayemwandikia ni mwenye nyumba wake, naye hakuuliza. Akatuma kodi ya miezi mitatu. Jioni mwenye nyumba alipobisha hodi, ndipo mzee wa watu alipotambua kwamba amemlipa mtu asiyemjua wala asiyepata kumwona.

Mimi nilicheka. Si kucheka tu, bali niliongeza na maneno: “Mtu mwenye akili zake timamu hulipaje kodi kwa mzimu?” Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Dada yangu mkubwa alikuwapo. Yeye hakucheka. Aliinuka, akakusanya vikombe, akavipeleka jikoni, na muda si muda akaaga na kuondoka.

Ilipita miezi minne kabla sijaelewa. Nilikwenda kumwamkia nyumbani kwake, nikaona mahali palipozoea kukaa cherehani yake pako wazi. Nikamwuliza imekwenda wapi. Akanyamaza kwa kitambo, kisha akasema, “Mdogo wangu, cherehani nimeiuza. Siku ile ulipomcheka yule baba, nilikuwa nimekuja kukueleza kwamba nami yamenikuta.”

Yaliyomkuta ni haya. Saa sita mchana alipigiwa simu na mtu aliyejitaja kuwa ni mwalimu wa zamu katika shule anakosoma mwanawe, huko bwenini. Alimtaja mtoto kwa jina lake na kidato chake. Akasema ameanguka ngazini, kichwa kimeumia, yuko hospitali na hana fahamu. Kisha simu ikapewa “daktari”, naye akasema kwa sauti ya utulivu kwamba inatakiwa dawa ambayo haipo hospitalini, tena inatakiwa sasa hivi. “Usikate simu, mama,” alisisitiza. Dada yangu ni mweka hazina wa kikoba cha akina mama wa mtaani kwake, na fedha za wenzake zilikuwamo simuni zikingoja kugawanywa Ijumaa. Alituma shilingi 420,000 kwa mafungu mawili. Alipokuja kumpata mwalimu wa kweli, aliambiwa mtoto yumo darasani, anafanya jaribio la hesabu.

Ijumaa ilipofika alilipa kila senti ya wenzake, wala hakuna aliyejua imetoka wapi. Lakini cherehani ndiyo iliyokuwa ikimlisha. Na kama si kicheko changu, huenda tungalichangishana siku ile ile, nayo ingalikuwa ingali mahali pake. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Ni kweli, lakini wanaomcheka aliye uchi nao wana sehemu yao katika utasa huo.

Tangu siku hiyo nimefikiri sana juu ya wizi huu, nami nimeona kwamba tapeli wa simu hutegemea mambo mawili tu: haraka yetu na aibu yetu. Kwa haraka hutunyang’anya, na kwa aibu hujificha.

Tuitazame kwanza haraka. Wale wa rika langu wanaikumbuka telegramu. Ilikuja na maneno machache, “Mama mahututi, njoo,” nayo iliweza kumtia mtu kihoro. Hata hivyo, kati ya habari na fedha palikuwa na muda. Ulilazimika kutafuta nauli, kumwomba mwajiri ruhusa, kumshauri kaka au mjomba. Na katika kushauriana huko, jambo la uongo liliweza kugundulika. Leo muda huo haupo tena. Huduma ya kutuma fedha kwa simu ilianza nchini Kenya mwaka 2007, na hapa kwetu Tanzania mwaka 2008, nayo imetuletea neema kubwa ambayo hakuna awezaye kuikana. Lakini njia ile ile inayompelekea bibi fedha ya dawa kijijini kwa dakika moja, humpelekea mwizi fedha hizo hizo kwa dakika moja. Ndiyo sababu tapeli hukukataza kukata simu. Anajua kwamba ukiikata na kuvuta pumzi, au ukimwuliza mtu aliye karibu nawe, hila yake imekwisha.

Mlango wa pili ni ule wa kujifanya jamaa wa kampuni ya simu. Huja ujumbe usemao umepokea fedha, kisha mtu hupiga akilia kwamba amezituma kwako kwa makosa, nawe umrudishie kwa wema wako. Ukiutazama vema ujumbe huo, utaona umetoka katika namba ya mtu wa kawaida, wala salio lako halikuongezeka hata shilingi. Mwingine husema laini yako itafungwa leo, na ili isifungwe yafaa umsomee tarakimu zitakazoingia katika simu yako. Ndugu msomaji, tarakimu hizo ni ufunguo. Ukimsomea, amekwisha kuingia katika akaunti yako, na pengine jioni hiyo atawaandikia rafiki zako wote kwa jina lako, akiwaomba mkopo. Kampuni za simu nchini zimekwisha kutangaza mara nyingi kwamba zinapomtafuta mteja hutumia namba 100. Hakuna mfanyakazi halali atakayekuuliza namba yako ya siri, awe ni wa simu au wa benki.

Mlango wa tatu ni wa tamaa na shida, na huu ni wa kale kuliko simu. Katika karne ya 19 watu wa Ulaya na Marekani walipelekewa barua za tajiri aliyedaiwa kufungwa Hispania, aliyehitaji fedha kidogo za kumtoa ili naye awape sehemu ya mali yake. Baadaye zikaja barua za urithi na mamilioni yaliyokwama benki, ambazo nchini Nigeria zilipewa jina la 419 kwa kufuata kifungu cha sheria ya jinai ya nchi hiyo kinachohusu udanganyifu. Zilikuja kwa posta, zikaja kwa faksi, na leo huja kwa barua pepe. Kwa vijana wetu mavazi yamebadilika tu: ni ajira ya ng’ambo inayodai ada ya fomu, ni mkopo unaodai malipo ya kwanza, ni bahati nasibu uliyoshinda bila kuicheza. Kanuni ni moja. Anayekupa hakuombi kwanza.

Sasa pengine utauliza, huyu mwizi alilijuaje jina la mtoto? Hapana uchawi. Sisi wenyewe huzitoa habari hizo. Huweka picha ya mtoto katika sare ya shule, tukaandika jina lake na kidato chake, ili dunia nzima impongeze. Huzungumza kwa sauti ndani ya daladala. Hutupa jalalani karatasi zenye namba zetu. Tapeli naye huokota kimoja hapa na kingine pale, akashona shati linalotuenea barabara.

Wengine husema, mbona laini zimesajiliwa kwa alama za vidole tangu mwaka 2019; je, mwizi hajulikani? Tatizo ni kwamba wizi huu mara nyingi hufanywa kwa laini iliyosajiliwa kwa jina la mtu mwingine asiye na habari. Mtu hukwenda kwa wakala wa barabarani kusajili laini moja, akaambiwa “kidole hakikushika, weka tena”, kumbe cha pili kinasajili laini ya mwizi. Kwa hiyo piga *106# katika simu yako, nawe utaweza kuona namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoitambua, nenda katika ofisi ya kampuni inayohusika ukaikane, kabla polisi hawajabisha hodi kwako.

Haya basi, nyumbani tufanyeje? Sisi katika ukoo wetu tumekubaliana mambo manne, nami nayaeleza hapa kwa yeyote atakayeona yanamfaa.

La kwanza, hakuna fedha inayotoka kwa habari ya ghafula mpaka mtoaji akate simu, kisha yeye mwenyewe apige namba aliyokuwa nayo tangu zamani: ya shule, ya jamaa, ya mwenye nyumba. Asipige ile iliyompigia. Na tumepatana kwamba hakuna atakayekasirika kwa kukatiwa simu.

La pili, kila mzazi ameandika namba ya mwalimu mkuu na ya mlezi wa bweni katika karatasi, akaibandika ukutani. Siku ya kihoro mtu hasahau namba tu, husahau hata jina lake.

La tatu, kabla ya kubonyeza namba ya siri husoma jina linalotokea, na jina likiwa geni husimama hapo hapo, hata kama ameambiwa mapema kwamba “jina litakalokuja ni la shemeji yangu”. Maneno hayo ndiyo dalili yenyewe.

La nne, na kwangu ndilo kubwa, aliyetapeliwa hutoa habari siku ile ile, wala hachekwi. Hapa kuna faida zaidi ya huruma. Fedha ikiwa haijatolewa kwa wakala, kampuni ya simu ikiarifiwa upesi yaweza kuizuia. Ikishatolewa, kuirudisha ni kazi ngumu. Namba ya tapeli nayo iripotiwe kwa kutuma ujumbe kwenda 15040, ambayo imewekwa kwa kazi hiyo, ili ifungwe asije akamliza mwingine. Kisha habari ifike kituo cha polisi, kwani kitendo hicho ni jinai, na tangu mwaka 2015 tunayo Sheria ya Makosa ya Mtandao. Mambo haya yote yahitaji mtu aliye tayari kusema, “Nimetapeliwa.” Mtu huyo hatapatikana katika nyumba ambamo watu hucheka.

Nilimwomba dada yangu radhi. Akaniambia, “Yamekwisha, mdogo wangu,” kama kawaida ya wakubwa wetu. Lakini mimi najua hayajakwisha, maana mpaka leo hushonea cherehani ya kuazima, na kila jioni huirudisha kwa mwenyewe. Tumeanza kuchanga kidogo kidogo, naye hajui. Akisoma ukurasa huu atajua.

Na wewe, ndugu msomaji, kabla hujaliweka gazeti hili chini, mtazame aliye karibu nawe: mama, mkwe, mtumishi wa nyumbani au kijana anayetafuta kazi. Mwulize kwa upole kama amepata kuletewa simu ya namna hii. Akikujibu kwamba imemfikia, na akainamisha kichwa, usicheke. Mletee kiti akae, umsikilize.