Injini Hainywi Maji

Upo usemi mmoja ambao nimeusikia katika gereji, katika vituo vya mafuta, na hata msibani pale wanaume wanapokaa chini ya mwembe wakingoja mazishi na mazungumzo yakahamia kwenye magari. Mtu husema, tena kwa upole kama anayemsifu mkewe mwenye kasoro moja tu: "Gari langu ni zima kabisa, ila linakunywa maji kidogo." Na wenzake huitikia kwa vichwa, kwamba ndiyo, hata langu hunywa. Ninaandika kurasa hizi kuupinga usemi huo. Nami sipingi kwa sababu ya elimu, maana mimi ni mwalimu wa historia na si fundi. Napinga kwa sababu niliuamini, na aliyelipa gharama ya kuamini kwangu ni mwanangu.

Injini hainywi maji. Ng'ombe hunywa maji, mgomba hunywa maji. Injini hupewa maji yake, na maji yale yale huzunguka ndani yake. Pampu huyasukuma kupita kwenye njia zilizomo ndani ya bloku na silinda hedi, ambako huchukua joto. Kisha hupita kwenye mpira wa juu mpaka kwenye rejeta, upepo na feni huyapoza, nayo hurudi kwa mpira wa chini kuanza safari upya. Yakipata moto yakatanuka, ziada hupenya kwenye mfuniko wa rejeta kwenda kwenye chupa ya akiba. Injini ikipoa, ile ziada huvutwa kurudi. Ni mzunguko uliofungwa. Basi ukiongeza maji Jumatatu, ukaongeza tena Alhamisi, maji yale ya Jumatatu yamekwenda mahali. Ama yamevuja nje, ama yameingia kwenye silinda yakatoka na moshi, ama yamechanganyika na oili. Njia ya nne hakuna.

Sasa nieleze yaliyonipata, ili msomaji asidhani kwamba nahubiri nikiwa juu ya mnara.

Mwaka 2011 nilikuwa na gari dogo la Kijapani, nimelinunua mkononi mwa mtu, nikiishi Dar es Salaam. Lilianza kupunguza maji. Chini ya gari palikuwa pakavu, kwa hiyo sikuona sababu ya hofu. Fundi wa kwanza alikaza klipu na kubadilisha mpira wa juu. Baada ya wiki mbili maji yakapungua tena. Fundi wa pili alisema ni rejeta, akaifungua, akaipeleka kupigwa lehemu. Wiki tatu, maji yakapungua. Fundi wa tatu hakuuliza hata swali moja. Alitoa themostati akaitupa kwenye ndoo ya vyuma chakavu akisema, "Mzee, hiki kidude ni cha nchi za baridi." Alinitoza fedha kidogo sana, nami nikamsifu mtaa mzima kwamba nimepata fundi mwaminifu. Tangu hapo nikawa natembea na dumu la maji kwenye buti. Kila asubuhi nilimimina karibu lita moja ya maji ya kisima, yenye chumvi, nikaliona jambo hilo la kawaida kama kupiga mswaki.

Mwanangu wa kike akachaguliwa kuingia kidato cha tano katika shule ya bweni mkoani Iringa. Niliamua kumpeleka mwenyewe, ada ikiwa mfukoni, sanduku na godoro nyuma. Morogoro tulipita salama, Mikumi tukapita, Ruaha Mbuyuni tukanywa chai. Ndipo tukaanza kuupanda mlima Kitonga. Walioupita wanaujua: malori mbele yako yanatambaa, nawe huna nafasi ya kupita wala ya kusimama. Mshale wa joto ukapanda. Nikapunguza mwendo. Baada ya kona kadhaa mshale ukashuka wenyewe, nami nikamshukuru Mungu kwa sauti. Laiti ningalijua! Kipimo kile hupima joto la maji. Maji yakiisha, kipimo hubaki kikining'inia kwenye mvuke na hewa, na mshale huweza kushuka wakati injini yenyewe inaungua. Nilikuwa namshukuru Mungu kwa dalili ya kifo. Muda si mrefu gari likakosa nguvu, likatetemeka, likazimika ukingoni mwa barabara.

Mwanangu alinitazama, akauliza bila ubishi wowote, "Baba, si ulisema fundi ameshatengeneza?" Swali lile sijalisahau mpaka leo.

Jioni ile alipanda basi peke yake akiwa na sanduku, bila godoro. Gari likakokotwa mpaka Iringa mjini. Silinda hedi ilikuwa imepasuka, na gasketi imeungua. Ada iliyokuwa mfukoni ikanunua hedi iliyotumika na kumlipa mwenye gari la kukokota. Shuleni nilikwenda mikono mitupu kuomba muda, na mtoto akasoma muhula wa kwanza jina lake likiwa kwenye orodha ya wadaiwa inayosomwa mbele ya wenzake.

Fundi niliyempata Iringa alikuwa mtu mzima, mkimya. Alipoliona gari, jambo la kwanza hakushika spana. Aliniuliza: maji yalipungua kiasi gani, kwa muda gani, gari likiwa safarini au limelala? Moshi ulikuwa mweupe asubuhi? Oili ilibadilika rangi ikawa kama chai ya maziwa? Kisha akachukua tochi na kioo kidogo, akachungulia ubavuni mwa injini, chini, ambako pampu ya maji imejificha. Akaniita. Kwenye bodi ya pampu palikuwa na michirizi mikavu yenye rangi ya kutu na ukoko mweupe wa chumvi. "Mwalimu," akaniambia, "wewe ulikuwa unatafuta maji. Kwenye injini ya moto maji hukauka kabla hayajafika chini. Tafuta nyayo za maji."

Alipokwisha kufunga hedi, aliiacha pampu ile ile kwa makusudi. Injini ikiwa baridi, alifungua mfuniko wa rejeta, akafunga mahali pake pampu ndogo ya mkono yenye saa ya kupimia, akajaza upepo mpaka kiwango kilichoandikwa kwenye mfuniko, yaani 0.9. "Nataka uone kwa macho yako, usije ukasema nimekuuzia spea." Tukasubiri. Mshale wa saa ukaanza kushuka polepole, na kwenye kitundu kidogo kilicho chini ya pampu likatokea tone moja, kisha la pili. Kitundu hicho kiliwekwa na watengenezaji kwa kazi hiyo hasa: sili ya ndani ikichoka, maji yatokee hapo ili mwenye gari aonywe. Kipimo chote hakikuzidi robo saa. Pampu mpya haikufika bei ya tairi moja.

Robo saa! Miezi minne nilikuwa nimelipa mafundi watatu kubadilisha vitu vizima, na hakuna aliyetumia robo saa kutafuta kibovu.

Hapa watu wa gereji watanijia juu, kwamba nawadharau. La hasha. Lawama yangu ya kwanza naielekeza kwa sisi wenye magari. Fundi akitumia saa nzima kuchunguza, akatuambia "nimeona tatizo, nipe fedha ya uchunguzi," tunamcheka: kwani umefanya nini? Lakini akituletea mpira wa zamani mkononi na mpya kwenye gari, tunalipa bila kinyongo. Tunalipa mkono, hatulipi jicho. Fundi naye ana watoto. Amejifunza kwamba kufikiri hakulipwi, akaacha kufikiri. Nilipomsifu yule aliyetupa themostati kwa sababu tu alikuwa rahisi, nilikuwa namfundisha kazi mbaya.

Lakini na fundi asijifiche nyuma yetu. Kubadilisha kitu bila kupima ni kamari, tena kamari ya fedha ya mtu mwingine. Hiyo themostati inayosingiziwa kuwa ni ya nchi za baridi ndiyo huifikisha injini kwenye joto lake la kazi na kuishikilia hapo, Dar es Salaam kama ilivyo Ulaya. Na katika injini nyingi, ukiitoa, njia ya mkato hubaki wazi, sehemu ya maji ya moto ikarudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Vivyo hivyo mfuniko wa rejeta, ambao wengi huuona kama kizibo cha chupa. Maji huchemka kwa nyuzi 100 usawa wa bahari. Iringa, kwenye mwinuko wa mita 1,600 hivi, huchemka kwa nyuzi 95 au karibu na hapo. Mfuniko mzima wa 0.9 hubana maji yasichemke mpaka karibu nyuzi 118 kule pwani. Mfuniko uliochoka, au mfumo unaovuja popote pale, huondoa kinga hiyo pale pale mlimani unapoihitaji.

Wengine watasema: hicho kipimo cha mkono kiko wapi mtaani kwetu? Kweli, si kila gereji inacho. Lakini macho yapo kila mahali. Tandika karatasi nyeupe au boksi chini ya gari usiku, utazame asubuhi. Mulika tochi kwenye pampu, kwenye maungio ya mipira, kwenye mishono ya rejeta, utafute ukoko na kutu. Tazama kijiti cha oili. Injini ikiwa baridi, fungua mfuniko, washa, uone kama mapovu yanatoka mfululizo bila kukoma. Hapo shaka ni gasketi. Usifungue mfuniko wa injini ya moto, maana utaungua uso. Andika kwenye daftari umeongeza maji kiasi gani na siku gani. Na dawa za kumimina kuziba tundu nazo uziogope, kwa sababu dawa haijui tundu ni lipi na njia ni ipi. Huweza kuziba vyote viwili.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi nilikuwa na kosa baya zaidi ya kutoziba: kila asubuhi niliufunika ufa kwa lita moja ya maji, nikajiona mtu makini anayelitunza gari lake. Dumu lile kwenye buti halikuwa matunzo. Lilinisaidia nisiulize.

Mwanangu alimaliza kidato cha sita, akasoma, sasa ana kazi na ana gari lake. Mwaka jana alinipigia simu, akasema, "Baba, gari langu linapunguza maji." Nikamuuliza ameongeza kiasi gani. Akajibu kwamba hajaongeza hata tone. Ameliacha nyumbani, na ameita fundi wa kuja kupima.

Nikamwambia amlipe vizuri.