Mashabiki wa NFL wanapozomea chaguo la timu yao, wanamzomea nani?

KILA ifikapo mwishoni mwa mwezi Aprili, mamilioni ya Wamarekani huketi mbele ya luninga kutazama tukio la kimichezo lisilo na mpira, lisilo na mwamuzi wala matokeo. Kinachofanyika ni kusomwa kwa majina. Kamishna wa Ligi ya Kandanda ya Kimarekani (NFL) hupanda jukwaani, hutaja jina la kijana kutoka chuo kikuu fulani na timu iliyomchagua, na umati hulipuka kwa shangwe au kwa kuzomea.

Zoezi hilo, ambalo wenyewe huliita drafti, lina raundi 7 na huchukua siku 3. Timu 32 huchagua kwa zamu, iliyofanya vibaya zaidi msimu uliotangulia ikianza na bingwa akimalizia, isipokuwa pale timu zinapobadilishana zamu. Mwaka 2025 lilifanyika Green Bay, mji mdogo wa jimbo la Wisconsin wenye wakazi wapatao 100,000, na ligi ikatangaza kuwa mahudhurio ya siku hizo tatu yalifikia takriban 600,000. Mwaka mmoja kabla, jijini Detroit, yalivuka 700,000.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki aliyezoea vuta nikuvute ya usajili wa Simba na Yanga, huenda utaratibu huo ukamshangaza. Hapa klabu humfuata mchezaji, hupanda dau, na mchezaji huamua wapi aweke saini yake. Kule kijana hachagui. Akishatajwa na timu, ama atacheza kwa timu hiyo, ama ataomba abadilishwe, ama atakaa nje ya ligi.

Utaratibu huo ulibuniwa mwaka 1935 na Bert Bell, mmiliki wa Philadelphia Eagles, timu iliyokuwa ikifungwa ovyo na kushindwa kugombea vijana wazuri dhidi ya vigogo wa New York na Chicago. Hoja yake ilikuwa kwamba ligi ambayo wenye nguvu huzidi kupata nguvu itakufa kwa kukosa ushindani. Wenzake walikubali, na uteuzi wa kwanza ukafanyika Philadelphia Februari 1936. Jina la kwanza kabisa lilikuwa la Jay Berwanger wa Chuo Kikuu cha Chicago, aliyechaguliwa na timu ya Bell mwenyewe. Berwanger hakucheza hata mechi moja ya NFL. Aliona maisha mengine yanalipa zaidi.

Mashabiki hawakuwa na nafasi katika mambo hayo kwa miongo mingi. Walisoma majina magazetini siku iliyofuata. Mwaka 1980 kituo cha ESPN kilianza kurusha zoezi hilo moja kwa moja, na kuanzia hapo shabiki akapata kiti ukumbini na sauti yake ikasikika nchi nzima. Kwa kuwa hadi mwaka 2014 drafti ilikuwa ikifanyika New York, sauti iliyosikika zaidi ilikuwa ya mashabiki wa Jets, watu waliozoea kufungwa na wasioficha uchungu wao. Mwaka 1995 walipaza sauti wakimtaka Warren Sapp, mlinzi wa mstari wa mbele. Timu yao ikamchukua Kyle Brady. Sapp alikwenda Tampa Bay na mwaka 2013 akaingizwa katika Jumba la Mashuhuri. Mashabiki wa Jets wangali wanakumbushia jambo hilo, na wana haki.

Hata hivyo, tukio linalotajwa kuliko yote halikuwahusu wao.

Msimu wa 1998 Eagles walishinda mechi 3 tu na kufungwa 13. Walimwajiri kocha mpya, Andy Reid, ambaye hakuwahi kuwa kocha mkuu katika ligi hiyo, nao wakapata nafasi ya pili katika drafti ya Aprili 1999. Jiji la Philadelphia lilikuwa limekwisha kumchagua mtu wake: Ricky Williams, mkimbiza mpira kutoka Chuo Kikuu cha Texas, aliyekuwa ametoka kutwaa Tuzo ya Heisman ya mchezaji bora wa vyuo vikuu. Kituo cha redio cha michezo cha WIP kilimpigia debe kwa wiki nyingi. Meya wa jiji wakati huo, Ed Rendell, alimuunga mkono hadharani. Kituo hicho kikakodi basi na kupeleka mashabiki wapatao 30 hadi ukumbini Madison Square Garden.

Reid akamchagua Donovan McNabb, kwotabeki wa Syracuse, yaani mpangaji mkuu wa mashambulizi ya timu. Watu wa basi lile wakazomea kwa nguvu zao zote, kamera zikiwamulika. Kijana wa miaka 22, aliyekuwa amevaa suti yake nzuri na kuandamana na wazazi wake, akasimama jukwaani akishika jezi ya timu huku watu wa timu hiyohiyo wakimfanyia kelele za kumkataa.

Yaliyofuata yanajulikana. McNabb aliifikisha Eagles katika fainali ya kanda ya NFC mara tano, nne kati ya hizo zikiwa mfululizo, na katika Super Bowl ya Februari 2005, ambako walifungwa na New England Patriots 24-21. Williams alikwenda New Orleans Saints, ambao kocha wao, Mike Ditka, alitoa chaguo zake zote za mwaka 1999 pamoja na mbili za mwaka 2000 ili kumpata. Msimu huo Saints walishinda mechi 3 na kufungwa 13, na Ditka akafukuzwa. Hapa inafaa kusema kwamba Williams mwenyewe hakuwa mchezaji mbaya. Mwaka 2002, akiwa Miami, aliongoza ligi nzima kwa yadi alizokimbia. Tatizo lilikuwa bei. Timu iliyouza kila kitu ili kumpata mtu mmoja haikubaki na watu wa kumzibia njia.

Ni rahisi basi kuhitimisha kwamba mashabiki hawajui kitu na wataalamu waachwe wafanye kazi yao. Hitimisho hilo lina kasoro kubwa. Katika drafti hiyohiyo ya 1999, makwotabeki watatu walitajwa mmoja baada ya mwingine. Wa kwanza, Tim Couch, alichaguliwa na Cleveland. Wa tatu, Akili Smith, na Cincinnati. Wote wawili hawakufua dafu. Wataalamu wa timu hizo walikuwa na kanda zilezile za video, vipimo vilevile na mishahara minono. Mwaka uliofuata, timu zote za ligi zilimpita Tom Brady raundi baada ya raundi hadi akachukuliwa akiwa wa 199. Alistaafu akiwa na mataji 7 ya Super Bowl.

Wachumi Cade Massey na Richard Thaler, huyu wa pili akiwa mshindi wa Tuzo ya Nobel ya mwaka 2017, waliwahi kulichunguza suala hilo kwa takwimu. Walilinganisha kila mchezaji na yule wa nafasi yake aliyechaguliwa mara baada yake. Uwezekano wa yule wa kwanza kuwa bora ulikuwa kiasi cha asilimia 52, yaani hautofautiani sana na kurusha sarafu. Walionesha pia kwamba timu hulipa kupita kiasi ili kusogea juu katika foleni, zikijiamini kuliko ujuzi wao unavyostahili.

Kwa mantiki hiyo, shabiki anayezomea usiku wa drafti hana uhakika wowote, lakini na meneja aliyevaa tai naye hana uhakika mkubwa. Tofauti ni kwamba meneja hulipwa kwa kubahatisha kwake, ilhali shabiki hulipia.

Hapo ndipo kiini cha kelele zile kilipo. Mwaka 2019 New York Giants walipomchagua Daniel Jones wa Duke katika nafasi ya sita, wengi wa waliozomea walikuwa wanawazomea viongozi waliokuwa wamewaletea misimu miwili mfululizo ya aibu. Jones alikuwa tu mtu aliyetajwa. Miezi michache baadaye alizomewa tena alipokwenda kutazama besiboli. Aliifikisha timu hatua ya mtoano na kushinda mechi moja ya mtoano Januari 2023, akapewa mkataba wa dola milioni 160 kwa miaka minne, na Novemba 2024 akaachwa. Nani alikuwa sahihi usiku ule? Ukiuliza Januari 2023 utapata jibu moja, ukiuliza Novemba 2024 utapata jingine.

Zamani gharama ya kukosea ilikuwa ya kutisha. Sam Bradford, chaguo la kwanza la mwaka 2010, alipata mkataba uliomhakikishia dola milioni 50 kabla hajagusa mpira wa NFL. Mkataba mpya kati ya ligi na chama cha wachezaji, wa mwaka 2011, uliweka viwango. Cam Newton, aliyechaguliwa wa kwanza mwaka huo, alipata takriban dola milioni 22 kwa miaka minne. Timu zikapumua. Kuzomea hakukupungua.

Kuna upande mwingine ambao hauzungumzwi sana siku ya sherehe. Mchezaji anayezomewa ni mtu pekee katika ukumbi ule ambaye hakuamua chochote. Mwaka 1976 mahakama ya Washington iliamua, katika kesi iliyofunguliwa na mchezaji James Smith, kwamba drafti kama ilivyokuwa ikiendeshwa ilivunja sheria za ushindani, kwa kuwa ilimnyima mfanyakazi haki ya kujadiliana na waajiri zaidi ya mmoja. Drafti ilinusurika kwa sababu chama cha wachezaji kiliikubali katika makubaliano ya pamoja na waajiri mwaka 1977. Wachache waliothubutu kukataa timu walilipia kwa jina lao. Eli Manning aliposema mwaka 2004 kwamba hataki kuchezea San Diego, alizomewa jukwaani kabla ya kubadilishwa siku hiyohiyo kwenda Giants, alikotwaa Super Bowl mara mbili.

Watanzania nao waliwahi kuonja ladha ya mambo haya, ingawa katika mpira wa kikapu. Juni 2009 Hashim Thabeet, mzaliwa wa Dar es Salaam, alichaguliwa wa pili katika drafti ya NBA na Memphis Grizzlies, akiwa Mtanzania wa kwanza kuingia ligi hiyo. Nyuma yake waliachwa James Harden, aliyekuwa wa tatu, na Stephen Curry, wa saba. Kila majina hayo mawili yanapotajwa, Thabeet huorodheshwa miongoni mwa makosa, kana kwamba ni yeye aliyeiambia Memphis impite Curry. Kosa, kama ni kosa, lilifanywa na watu waliokuwa na hiari ya kuchagua.

Shabiki naye ana hiari gani? Mwanachama wa Simba au Yanga, pamoja na malalamiko yake yote, ana kadi na ana kura. Shabiki wa Philadelphia au New York hana. Timu ni mali ya tajiri au familia, na kanuni za ligi haziruhusu tena umiliki wa umma. Kilichobaki kwake ni kununua tiketi, kutonunua, au kuzomea.

Timu moja tu iko tofauti. Green Bay Packers ilianza kuuza hisa kwa wananchi mwaka 1923, na leo ina wanahisa zaidi ya 500,000. Hisa hizo hazitoi gawio na haziuziki sokoni, lakini mwenye nazo huhudhuria mkutano mkuu na kupigia kura bodi. Hata hivyo hawamchagulii meneja wachezaji. Hilo lilidhihirika Aprili 2020. Timu ilikuwa imetoka kufika fainali ya kanda, na kwotabeki wake, Aaron Rodgers, alikuwa na miaka 36. Mashabiki walitaka mpokeaji wa pasi atakayemsaidia kabla jua lake halijazama. Meneja Brian Gutekunst akasogea juu hadi nafasi ya 26 na kumchukua Jordan Love, kwotabeki mwingine.

Hasira zilikuwa kubwa, na zilikuwa na msingi. Rodgers alijibu kwa kutwaa tuzo ya mchezaji bora wa ligi msimu huo na uliofuata, huku Love akikaa benchi. Wakongwe wa Green Bay waliliona hilo kama marudio: Rodgers mwenyewe alichaguliwa mwaka 2005 wakati Brett Favre angali anacheza, na alisubiri miaka mitatu. Mwaka 2023 Rodgers alihamia Jets, Love akapewa timu, na Januari 2024 akaifunga Dallas 48-32 kwao katika hatua ya mtoano. Je, Gutekunst alikuwa sahihi? Alipata mrithi. Lakini Rodgers, katika ubora wake wa mwisho, hakufika tena Super Bowl akiwa na Packers, na hakuna anayeweza kuwaambia wanahisa kwamba mpokeaji wa pasi asingebadili hilo.

Drafti ilipofika mjini kwao Aprili 2025, Packers walikuwa hawajamchagua mpokeaji wa pasi katika raundi ya kwanza tangu mwaka 2002. Zamu yao ilikuwa ya 23. Lilipotajwa jina la Matthew Golden, mpokeaji wa pasi kutoka Texas, uwanja mzima ulilipuka kwa shangwe. Katika raundi ya tatu, usiku uliofuata, wakamchukua mpokeaji mwingine.