Nani Angali Anaitwa Mwindo?

Simameni asubuhi pale wachimbaji wanapokusanyika kabla ya kupanda mlimani, mkasikilize majina yanavyoitwa: Innocent, Justin, Dieudonné, Jean-Claude. Mkisikia Mwindo hata mmoja, mtuletee habari.

Mwindo ni jina la jirani zetu Wanyanga wa Walikale. Hupewa mtoto mwanaume aliyezaliwa nyuma ya wasichana wengi. Anayelisikia anajua mara moja jinsi mama yule alivyongoja. Na hadithi yake wazee wanaijua: Shemwindo, mwami wa Tubondo, alikataza wake zake wasizae ila wasichana; Mwindo akazaliwa anatembea na kusema; baba akamtia ndani ya ngoma, ngoma ikatupwa mtoni, wala mtoto hakufa. Mwaka 1956 mzee Candi Rureke aliisimulia kwa siku 12, Daniel Biebuyck akaiandika, na mwaka 1969 kitabu kikatoka Marekani, chenye pia jina la Kahombo Mateene, mtoto wa Wanyanga. Basi leo wanafunzi wa Marekani wanamsoma Mwindo, na sisi tunamwita mtoto wetu Jean-Claude!

Nani alileta mambo haya? Misioni ilianza, tunasema wazi. Ili uingie shule ilifaa ubatizwe, na ukibatizwa ulipewa jina la mtakatifu wa Ulaya. Jina la babu likabaki nyuma, la kuitwa nyumbani tu.

Halafu akaja Mobutu. Mwaka 1972 alikataza majina ya Kizungu, akatupa lake la Joseph-Désiré, na padri aliyebatiza kwa jina la kigeni alitishiwa kifungo cha miaka 5. Wengine walifurahi. Lakini jina linalotoka kwa amri ya mkubwa si sawa na jina linalotoka kinywani mwa bibi. Watu walimficha Jean mfukoni, na siasa ilipofunguliwa mwaka 1990 wakamtoa tena, amenona.

Lakini kuna sababu nyingine, na hiyo hatuwezi kuicheka. Huku kwetu Masisi na Walikale jina linataja kabila. Mtu akifika kwenye kizuizi cha wenye bunduki, Muhunde, Mnyanga, Muhutu au Mtutsi, jina lake linaweza kumponya au kumwua. Baba anayemwita mwanawe Justin, pengine hamfuati Mzungu hata kidogo. Anamtafutia njia ya kupita. Sisi hatumlaumu baba huyo. Tunawalaumu waliofanya jina la babu liwe hatari.

Tena mgodini hata Justin hapatikani. Kijana anaitwa kwa jina la utani, la mcheza mpira au la mwimbaji. Siku shimo likiporomoka, nani atapeleka habari kwao? Wenzake wanajua utani tu; kijiji chake hawakijui, baba yake hawamjui. Anazikwa hivyo.

Kwa hiyo tunawaomba wazazi jambo moja. Sheria inatoa siku 90 tangu kuzaliwa kumwandikisha mtoto kwa mwandishi wa serkali. Nendeni, na msiandikishe Justin peke yake. Semeni na jina la ukoo, herufi kwa herufi, kisha mwombeni awasomee alichoandika kabla hamjaondoka.